Nyimbo za matangazo ya biashara: zilianzia wapi, na kwa nini za zamani hazitoki kichwani (uzi mrefu)

Amu_Mkomani

Assalaam aleikum wanajukwaa, na hamjambo nyote.

Nimezisoma kwa muda habari za nyimbo za matangazo, zile ambazo watu wa redio huziita majingo, na kuna hoja nataka tuijadili. Wimbo wa tangazo unaodumu hubeba vitu viwili. Cha kwanza ni habari ambayo mnunuzi anaihitaji kweli: bei, kipimo, au namna ya kukitumia kitu. Cha pili ni mahadhi ambayo masikio ya watu yalikuwa nayo kabla ya tangazo kuzaliwa. Kikikosekana kimoja, mara nyingi kinachobaki ni kelele. Nitaanza na historia, na hoja nitaitetea humo humo.

Kuuza kwa sauti ni jambo la kale kuliko redio. Huko Paris wachuuzi walikuwa na miito yao barabarani, na karibu mwaka 1530 mtunzi Clément Janequin aliichukua miito hiyo akaifanya wimbo wa kwaya. Uingereza nako Orlando Gibbons alifanya vivyo hivyo na miito ya London mwanzoni mwa karne ya 17. Yaani mchuuzi wa samaki alikuwa ameshatunga, na mwanamuziki akaja kuandika tu. Kwetu Amu, yaani Lamu, muuza kahawa halazimiki hata kufungua mdomo. Dele mkono mmoja, vikombe mkono wa pili, akivigonganisha mtu aliye ndani ya nyumba anajua nani anapita Usita wa Mui, njia kuu ya mji. Na mbiu ilikuwepo: la mgambo likilia kuna jambo. Watu walitoka nje kwa sababu walijua sauti ile haipigwi bure, ina habari ndani yake.

Sasa njooni kwenye redio. Marekani tangazo la kwanza la kulipiwa lilirushwa tarehe 28 Agosti 1922 na kituo cha WEAF cha New York, nalo lilikuwa la nyumba za kuishi mtaa wa Jackson Heights. Halikuwa wimbo, ni mtu alizungumza kwa dakika 10. Wakubwa wengi hawakupenda. Herbert Hoover, aliyekuwa waziri wa biashara, alisema mwaka huo huo kwamba haifai chombo chenye manufaa makubwa hivyo kuzamishwa na maneno ya biashara. Kampuni zikatafuta mlango mwingine: zikawapa wanamuziki jina la bidhaa. Kukawa na Happiness Boys wa maduka ya peremende ya Happiness, na A&P Gypsies wa maduka ya vyakula ya A&P. Kila bendi ikitajwa, duka limetajwa. Bado hawajaimba bidhaa yenyewe, lakini muziki umeshaingia kazini.

Kisha ikaja Minneapolis, mkesha wa Krismasi, tarehe 24 Desemba 1926. Kampuni ya unga ya Washburn Crosby ilikuwa na kituo chake, WCCO, na ilikuwa na chakula kipya cha asubuhi kilichoitwa Wheaties, vipande vikavu vya ngano vya kula na maziwa. Wanaume wanne wakaimba wakiwauliza wasikilizaji kama wamewahi kuvionja. Hawakuwa mastaa: mmoja kazi yake ilikuwa mazishi, mwingine mtumishi wa mahakama, mwingine mpiga chapa, na wa nne mfanyabiashara. Mahadhi waliyatoa kwenye wimbo wa dansi wa mwaka 1919 ambao watu walikuwa wakiujua tayari. Kumbukeni hilo la mahadhi, nitalirudia.

Mwaka 1929 kampuni, ambayo sasa ilikuwa imekuwa General Mills, ilitaka kuiacha Wheaties kwa sababu haikuwa ikinunuliwa. Samuel Gale wa idara ya matangazo akawaonyesha hesabu: kati ya makasha 53,000 yaliyouzwa, 30,000 yalinunuliwa eneo la Minneapolis na St. Paul, pale pale wimbo ulipokuwa ukisikika. Wakaamua kuupeleka wimbo nchi nzima, na Wheaties ipo madukani mpaka leo. Mimi hesabu hii naiona muhimu kuliko wimbo wenyewe. Ndiyo iliyowaonyesha wenye mali kwamba kuimba kunauza.

Nasubiri michango, naendelea baadaye inshallah.

Kizingitini_Baharia

Shukran maalim. Lakini mbona kuna wimbo wa gari la Oldsmobile wa mwaka 1905? Huo si wa mwanzo kuliko Wheaties?

Amu_Mkomani

Ni wa mwanzo kwa miaka, ndugu yangu, na umefanya vyema kuuleta. Ule ulitungwa na Gus Edwards na Vincent Bryan kama wimbo wa kawaida wa mapenzi, kijana na mpenzi wake ndani ya gari. Uliuzwa kwa karatasi za noti watu wapige kinanda nyumbani. Kampuni ya magari iliutumia baadaye kwa biashara. Kwa hiyo gari liliingia kwenye wimbo, ilhali kwa Wheaties wimbo ulifanywa kwa ajili ya kuuza. Mimi naweka mpaka hapo, mwingine anaweza kuuweka penginepo.

BiLangoni

Wanangu, mimi ni mtu mzima, nilizoea redio ya betri ukumbini. Nauliza upande wetu. Mwataja Marekani tu, na sisi je? Yeo watoto wakisikia hivi wataona kila kitu kimetoka ng'ambo.

Amu_Mkomani

Bi, shikamoo, na una haki. Nilikuwa nalifikia.

Matangazo ya redio Kenya yalianza Nairobi mwaka 1928, kwa Kiingereza, kwa ajili ya walowezi. Kwa miaka mingi yaliendeshwa na kampuni ya Cable and Wireless, mpaka 1959. Pwani katika miaka ya 1950 tulikuwa na kituo cha Sauti ya Mvita Mombasa, na wazee wengi wanaikumbuka kwa taarabu na mashairi.

Kipande ninachokipenda kuliko vyote ni hiki. Kulikuwa na mpiga gitaa wa Katanga huko Kongo, Jean-Bosco Mwenda, aliyeimba kwa Kiswahili. Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, alimrekodi mwaka 1952 kule Jadotville, mji ambao sasa ni Likasi. Mwaka 1959 Mwenda alikuja Nairobi, akawa anasikika redioni akiimba kuisifu Aspro, vile vidonge vya kuumwa na kichwa. Mkatanga mwenzake, Edward Masengo, akaimbia Coca-Cola. Hebu lifikirieni hilo. Mmoja wa wapiga gitaa bora Afrika imewahi kuwa nao, vidole vyake vile, anamweleza mtu wa Kariakor dawa gani anywe kichwa kikimgonga. Hawakumpa wimbo wa kizungu autafsiri. Walimwacha apige alivyopiga siku zote, na watu walikuwa wameshazipenda santuri zake. Mahadhi yalitangulia, dawa ikafuata.

Kwa hiyo Bi, wimbo wa tangazo wa Kiswahili una nasaba njema.

BiLangoni

Ahsante mwanangu, sasa umesema. Gitaa lile la Wakongomani nalikumbuka. Mkono mmoja ukidhani ni wawili.

Tuktuk_Malindi

Salaam. Mimi niko Malindi, nina tuktuk yenye spika juu, kazi yangu ni kutangaza: maduka, mikutano, chanjo za watoto, mnada wa ng'ombe. Napita Maweni, Barani, Kisumu Ndogo mpaka soko la zamani. Kaka uzi wako umenigusa kwa sababu wateja wangu wote wanataka kitu kimoja: biti kubwa na jina la duka mara 20. Hakuna anayetaka kusema bei. Wewe unasema habari kwanza. Una mfano wa mtu aliyesema bei akafaulu?

Amu_Mkomani

Ninao, na ndio mkubwa kuliko yote: Pepsi.

Miaka ya 1930 Marekani ilikuwa na dhiki kubwa, watu hawana kazi. Chupa ya Coca-Cola ilikuwa ya aunsi 6 na nusu kwa senti 5. Pepsi wakauza aunsi 12 kwa senti 5 zile zile. Hiyo ndiyo habari, nayo imetimia: pesa ile ile, soda karibu maradufu. Ilipokaribia 1940 watunzi wawili, Alan Kent na Austen Croom-Johnson, wakaifanya wimbo. Maneno yake ukiyachambua hayana mapambo: jina, aunsi 12, senti 5, mara mbili ya wengine. Mahadhi wakayachukua kwenye wimbo wa kale wa wawindaji wa Uingereza kuhusu mtu aliyeitwa John Peel.

Mkubwa wa Pepsi, Walter Mack, alifanya uamuzi ambao ningependa wateja wako wausikie. Desturi ya wakati ule ilikuwa wimbo mdogo, kisha mtangazaji anafuata na maneno marefu ya kusifu. Mack akakataa maneno yale. Akataka wimbo peke yake, mfupi, uishe. Vituo vikubwa havikutaka kuuza muda mfupi namna hiyo, kwa hiyo akaanzia kwenye vituo vidogo. Watu wakaupenda hata ukatiwa kwenye santuri za mashine za mikahawani, zile za kutumbukiza sarafu. Mtu alikuwa akitoa senti 5 yake kusikiliza tangazo la soda ya senti 5!

Kwa hiyo kaka, mwambie mteja: jina mara moja au mbili, bei mara moja, na wimbo wa nusu dakika. Tuktuk inapita, haisimami. Aliye mlangoni anasikia sekunde chache tu, na kama sekunde hizo ni za biti, umempitia bila kumwambia kitu.

Mwalimu_Hindi

Naongeza mfano wa ndizi, kwa kuwa hapa Lamu tunazijua. United Fruit Company mwaka 1944 walitoa wimbo wa Chiquita, maneno ya Garth Montgomery na muziki wa Len MacKenzie, kwa mdundo wa Karibi. Ndizi anaimba mwenyewe, anawaeleza watu kwamba ikianza kuwa na madoa ya kahawia ndiyo imeiva vizuri, na kwamba yeye ni wa nchi za joto, basi asitiwe kwenye friji. Ni somo la upishi kabisa. Nawafundisha watoto sayansi na ningetamani kila somo liwe na wimbo wa namna ile.

Amu_Mkomani

Mwalimu, Mungu akuzidishie. Huo ni mfano bora hata kuliko Pepsi, kwa sababu bei hubadilika ila namna ya kuitunza ndizi haibadiliki. Nani asiyemshukuru muuzaji anayemfundisha asiharibu alichokinunua?

Studio_Barani

Mimi ni prodyuza, nina studio ndogo Malindi. Napinga kidogo. Tangazo la Coca-Cola la 1971, vijana kilimani Italia wanaimba pamoja. Habari gani pale? Hakuna bei, hakuna kipimo, hakuna namna ya kutunza. Na ule ndio uliopendwa dunia nzima. Na mahadhi hayakuwa ya kale, yalitungwa. Hoja yako inavunjika hapo.

Amu_Mkomani

Hapana budi nikujibu vizuri, maana hili ndilo pingamizi zito.

Kwanza kisa chenyewe. Bill Backer wa kampuni ya matangazo alikuwa safarini kwenda London, ukungu ukaifanya ndege itue Shannon, Ireland. Abiria walikasirika usiku ule. Asubuhi akawaona wale wale wamekaa pamoja mkahawani wanazungumza na kucheka, wengi wana chupa za Coca-Cola mezani. Akaandika wazo lake, akaenda London akakutana na Billy Davis, Roger Cook na Roger Greenaway, wimbo ukatoka. Mwanzo ulikuwa wa redio, kisha wakaupiga picha kule kilimani. Baadaye maneno ya soda yakaondolewa ukawa wimbo wa kawaida, na kundi la The New Seekers likafaulu nao sana.

Nakubali: habari ya bei haimo. Lakini 1971 Coca-Cola haikuwa na haja ya kumweleza mtu yeyote soda ni nini wala inauzwa wapi. Kila mtu alijua. Kilichobaki kwao ni mapenzi. Hiyo ni anasa ya mwenye jina kubwa. Duka jipya la Barani, au kliniki inayotangaza chanjo, haina anasa hiyo. Mtu hajui uko wapi, hajui unafungua lini, nawe unamwimbia amani ya dunia. Ndipo ninaposimama: hoja yangu ni kwa ajili ya wadogo, na karibu sisi sote hapa ni wadogo.

Na tazama kilichofuata. Kampuni kubwa ziliona kwamba kama zinauza mapenzi, si lazima kutunga. Zinunue tu wimbo ambao watu wanaupenda. Mwaka 1984 Pepsi walimchukua Michael Jackson, akaimba mahadhi ya wimbo wake uliokwisha kuwa maarufu kwa maneno ya Pepsi. Mwaka 1987 Nike wakatumia wimbo wa Beatles, na kampuni ya Beatles, Apple, ikawashtaki. Tangu hapo fundi wa kutunga wimbo wa tangazo amepungua kazi. Siku hizi wengine wamebaki na noti chache tu: ile sauti ya Intel aliyoitengeneza Walter Werzowa mwaka 1994, au McDonald's walioanza na noti zao tano Ujerumani mwaka 2003. Ni ustadi, sikatai. Ila noti tano haziwezi kumwambia mtu asiitie ndizi kwenye friji.

Studio_Barani

Hapo kwenye wadogo nimekuelewa, nakubali. Tatizo langu ni la kazi. Mteja anakuja na maneno yameandikwa kwa Kiingereza, anataka nitafsiri halafu nibandike kwenye biti. Silabi hazitoshi, naanza kumeza maneno. Wewe ungefanyaje?

Amu_Mkomani

Ningeliweka lile karatasi kando. Muulize mteja habari yake ni nini, kisha mpelekee mshairi. Pwani hii mwajua wenyewe hakosekani mshairi, kila mtaa una wake. Vina na mizani ndivyo vilivyowafanya watu wasiojua kusoma washike tenzi za mamia ya beti kifuani. Mizani nane kwa nane inakaa sekunde tano au sita ukiimba bila haraka. Ubeti mmoja wa mishororo minne haufiki nusu dakika. Wale wa Marekani walihangaika kuupata urefu huo, nasi tumeurithi.

BiLangoni

Naomba kusema jambo kabla hamjaenda mbali. Msije mkachukua kasida wala mahadhi ya maulidi mkauzia sabuni. Mui huu hautapenda, na mimi sitapenda. Mahadhi yako mengi: ya harusi, ya kutwekea tanga, ya kutwanga. Chukueni hayo.

Amu_Mkomani

Labeka Bi, na ninaliunga mkono mara mia. Mahadhi ya ibada yana heshima yake. Na yale ya kazi na harusi yana faida ya pili: ni ya kale, hayana mwenyewe wa kukushtaki kama Nike walivyoshtakiwa. John Peel alikuwa hivyo hivyo.

Tuktuk_Malindi

Basi nisaidieni sasa hivi. Nina mteja anauza barafu kwa wavuvi, hapa Malindi karibu na gati. Anafungua saa kumi alfajiri. Kilo 10 kwa sh 100. Nimejaribu usiku huu baada ya kuwasoma:

*Barafu ya alfajiri, wavuvi wa baharini,*
*Saa kumi i tayari, twauza pale gatini,*
*Kilo kumi, bei shwari, mia moja mkononi,*
*Barafu ya alfajiri, haiyeyuki njiani.*

Mwalimu_Hindi

Mashallah! Vina vimekaa: ri kati, ni mwisho. Mizani nimehesabu, nane nane yote. Lakini mshororo wa mwisho si kweli. Barafu huyeyuka. Mvuvi atakayefika Ngomeni na maji kwenye sanduku atakuuliza.

Amu_Mkomani

Mwalimu amesema kweli, na mtangazaji wa mtaani hawezi kumkimbia mteja, wanakutana kesho sokoni. Mshororo huo ubadilishe uwe kama ndizi ya 1944: mfundishe namna ya kuitunza. Wavuvi huifunika na nini hapo kwenu?

Tuktuk_Malindi

Gunia. Gunia la katani lililoloweshwa, juu ya barafu, kisha kifuniko.

Kizingitini_Baharia

Na sisi huku ni hivyo hivyo, gunia bichi, na sanduku lisikae juani.

Amu_Mkomani

Basi: *Barafu ya alfajiri, ifunike guniani.* Mizani nane, kina ni. Mvuvi akiimba baharini anajikumbusha kazi yake, na jina la barafu limo.

Studio_Barani

Tuktuk, njoo studio Jumamosi baada ya adhuhuri. Leta mtu mmoja anayejua mahadhi ya kutweka tanga, yale ya kuvuta kamba yenye mwitikio. Mshororo wa kwanza aimbe mmoja, wa nne waitikie wote. Ngoma nitaweka moja ndogo tu, biti kubwa hakuna. Tutakata sekunde 25.

Tuktuk_Malindi

Nitamleta mjomba wangu, alikuwa nahodha wa jahazi. Na spika nitaipunguza nikipita karibu na msikiti na hospitali. Bi Langoni, nikimaliza nitaiweka hapa uisikilize kwanza kabla mteja.

BiLangoni

Ilete mwanangu. Na huyo mjomba mwambie asiharakishe mwitikio, wavutaji wapate pumzi.